Kamshafti ya Kupanda Lemera

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kivyake: Neema, likizo nzima ulipotelea wapi? Nami nikiulizwa uso kwa uso najibu tu, "Nilikuwa na Baba," halafu natazama viatu vyangu, na nyinyi mnacheka. Mnanijua. Basi nimechukua daftari langu la kila siku nikayapanga yaliyomo, msome wenyewe pale nyuma ya darasa, mimi nikiwa mbali. Mambo ya makaratasi ya mpakani nimeyaruka, hayana utamu.

Kisa chote ni moto ya Baba, pikipiki yake. Si hizi ndogo za teksi zilizojaa Uvira. Ni ile kubwa ya silinda moja, ya safari ndefu, yenye makapu ya chuma ubavuni. Kwaya ya parokia yetu ikienda kuimba mbali, waimbaji hupanda lori, na Baba hubeba bafle mbili, zile spika kubwa, ampli na jenereta ndogo. Amevibeba tangu mimi sijazaliwa. Lakini safari iliyopita ya Lemera, mwaka jana, moto ilizimika katikati ya mlima, mimi na Baba tukalala njiani, na kwaya ikaimba bila vyombo. Rais wa kwaya alimwambia Baba mbele ya watu kwamba ikitokea tena, vyombo vitapewa mtu mwingine. Baba alirudi nyumbani hakula. Na sasa Lemera walikuwa wametualika tena, Jumapili.

Ugonjwa wa moto ulijulikana. Ndani ya kichwa cha moteri, injini yenyewe, kuna chuma kifupi kama gunzi la muhindi, chenye nundu. Mafundi wetu wanakiita abrakame, watu wa Bujumbura wanasema kamshafti, nami nitaandika hivyo. Kikizunguka, nundu zinasukuma supapu, yaani vile vilango ambavyo moteri inavutia pumzi na kutolea moshi. Nundu zetu zilikuwa zimelika, vilango vikawa vinafunguka nusu. Baba akasema kama ni kubadilisha, haturudishi ya kawaida. Tunatafuta yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani. Akanichukua mimi kwa sababu alama kwenye vyuma vile ni za Kifaransa na Kiingereza, na Baba aliacha shule mapema.

Kimanga hadi Gatumba

Tuliondoka Jumatano asubuhi kwenda kuitafuta Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Kutoka kwetu Kimanga hadi mpakani si mbali, ila moto ilikuwa inakohoa kila Baba akipunguza mwendo. Wenye teksi walitupita wakifurahi.

"Papa, shuka uisukume! Itafika mbele yako!"

"Weye kimbia tu," Baba akajibu, "nitakukuta Bujumbura unakunywa chai, na nitaimaliza!"

Pale Gatumba, tukishavuka mpaka, ziwa lilikuwa limepanda juu ya barabara. Baba akashuka kutafuta pa kupita, akaniacha nimeshika moto. Mara vijana wawili wakaja, mmoja akashika usukani, mwingine akashika nyuma, wakaanza kuiingiza majini bila kunisemesha. Nilijua ni wezi. Msichana mwingine angepiga kelele. Mimi nilishika shati la yule wa mbele na kulivuta kwa nguvu zangu zote, mdomo nimeufunga. Tukaenda hivyo ndani ya maji, yeye anasukuma, mimi navuta, hadi vifungo viwili vikakatika.

"Dada, niachie! Minye iko nawasaidia!"

Kumbe ndiyo kazi yao, kuvusha moto za watu. Baba alikuwa ng'ambo ameketi juu ya jiwe, anacheka hadi anajifuta machozi. Tulipofika nchi kavu tukangoja tena karibu saa nzima, maana kiboko alikuwa anakula majani kando ya barabara na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpita. Nilimshonea yule kijana vifungo vyake. Huwa natembea na sindano. Aliniambia aksanti mara tatu.

Buyenzi, Baba alipotumia sikio

Duka la vipuri liko Buyenzi, mtaa ambao kila mlango una mtu aliyefungua moteri. Mwenyewe anaitwa Bwana Rama, mzee mnene, mpole, mwenye vidole safi kuliko vya daktari. Alitandika gazeti akapanga kamshafti tatu juu yake.

Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili alisema ni ya mwendo mrefu na mizigo. Ya tatu alisema ni ya mbio, akainua nyusi. Nilizitazama kwa karibu. Nundu za ya pili zilikuwa ndefu kidogo lakini nyembamba. Za ya tatu zilikuwa ndefu na pana, mabega yamejaa.

Lazima niseme kitu kuhusu Baba. Anaimba besi, na huchagua kila kitu kwa sikio. Sufuria anaigonga, tikiti maji analigonga, mbuzi anangoja kwanza alie. Kwa hiyo hakuuliza maswali. Alisema, "Nisikie sauti zao."

Bwana Rama alikuwa na moto moja nyuma ya duka iliyofungwa kamshafti ya mbio. Akaiwasha. Haikutulia kama moto za kawaida. Ilikuwa inapiga, inasita, inapiga tena, bu-bum, bu-bum, kama ngoma inayokaribia kuanza. Vijana wa duka la jirani walitoka nje kusikiliza. Baba alifunga macho.

"Hii," akasema. "Nina sikio la miaka ishirini ya kwaya, mzee. Hii njo sauti."

"Sauti ni nzuri," akasema Bwana Rama, "lakini unaendea wapi na—"

"Funga, tubebe!"

Bwana Rama akacheka, akaifunga kwa gazeti. "Sharti ni moja hapa kwangu. Ikiwa kavu, unaweza kuirudisha. Ikiguswa na mafuta, ni yako hadi Kiama."

Katika gazeti akatia na karatasi yake. Niliisoma nikiwa nimekaa nyuma ya Baba, Bujumbura yote inapita. Kulikuwa na mchoro wa mstari wa nguvu, kama ule wa hesabu. Mstari wa kamshafti ya mbio ulilala chini kabisa, moteri ikizunguka polepole, ukalala, ukalala, halafu ukasimama wima pale mizunguko ilipovuka elfu tano kwa dakika. Na chini, kwa Kifaransa: haifai kwa mizigo wala kwa miinuko mikali. Niliisoma mara tatu. Baba alikuwa anaimba wimbo wa Jumapili na kuigiza ngoma kwa mdomo, bu-bum. Nikaikunja karatasi nikaitia kifuani.

Ruzizi hadi Mutarule

Alhamisi tulipakia vyombo Kimanga tukaelekea uwandani. Fundi pekee anayeijua ile moteri, fundi Bahati, aliacha mambo ya Uvira akaenda kulima Mutarule, na ni njia ya kwenda Lemera. Mpango ulikuwa afunge kamshafti siku hiyohiyo, tujaribu Ijumaa, tupande Jumamosi tukiwa na raha.

Nilikaa katikati ya bafle mbili, kamshafti mapajani. Ilikuwa nzito kuliko uzito wake. Kuanzia Kiliba, kila shamba la mpunga, nilijiambia: nikifika pale nitasema. Pale napo panapita. Kabla ya Sange vijana waliokuwa wanaziba mashimo ya barabara walikuwa wameweka kamba. Wakaona bafle.

"Nyinyi ni banamuziki? Kamba haishuke bila wimbo!"

"Vyombo havina umeme," akasema Baba.

"Mudomo yako iko na umeme!"

Baba akaimba besi peke yake katikati ya barabara, kofia ya kaske kichwani. Besi bila sauti nyingine ni kitu cha ajabu, ni kama mtu anayeongea na ng'ombe. Walivumilia beti mbili wakaangusha kamba. Mmoja akanielekezea koleo: "Na huyu hakuimba!" Nilifanya kama sikusikia. Sange tulikula bugali na ndagala, na mimi, ambaye mnajua ninavyokula, niliacha nusu.

Fundi Bahati alitupokea akitoka shambani na matope hadi magotini. Akanawa, akafungua moteri chini ya paa la mabati, akatoa kamshafti ya zamani akamwonyesha Baba nundu zilivyochakaa. Halafu akamimina mafuta mapya ya moteri katika kisahani cha chai, maana kamshafti mpya haiingii kavu, lazima ipakwe kwanza. Akanyoosha mkono. Baba akalichukua lile gazeti mapajani mwangu, akalifunua, akampa fundi kamshafti.

"Baba," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Fundi alichovya kidole katika mafuta.

"Baba, hapana!"

Hiyo sauti sijui ilitoka wapi. Kuku walikimbia. Fundi alibaki ameinua kidole, mafuta yanadondoka kwenye goti lake.

"Hapana nini?" Baba akauliza.

"Isiguswe. Hiyo si ya mlima." Nikatoa karatasi kifuani, ilikuwa imelowa jasho. Nikawaonyesha mstari. Nikasema nundu zikiwa pana, vilango vinakaa wazi muda mrefu. Moteri ikikimbia sana ni vizuri, inapata pumzi nyingi. Lakini ikipanda polepole na mzigo, pumzi iliyoingia inapata nafasi ya kutoka tena kabla kilango hakijafungwa. "Ni kama wewe, Baba, kwenye noti ndefu. Ukiachia mdomo wazi sana, hewa inaisha kabla ya mstari."

Baba aliitazama karatasi, ingawa najua hakuwa anaisoma.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na ulinyamaza?"

"Ulikuwa na furaha."

Fundi Bahati alicheka hadi akakaa chini. "Kaka, minye nafunga chenye umeleta. Lakini mutoto iko na haki. Na hii mungezimika palepale pa ule mwaka."

Baba hakucheka. Alizunguka moto mara mbili. Akajaribu kumpigia Bwana Rama, simu ikawa inaita tu. Mwishoni akasema, "Kesho itarudishwa. Utaenda weye."

"Minye?"

"Minye nilimwambia ule muzee nina sikio la miaka ishirini. Nitarudi nimwambie nini? Na bafle ni za parokia, siwezi kuziacha hapa. Na aliyesoma karatasi ni nani?"

Niliandika usiku huo katika daftari neno moja tu, nalo silinakili hapa.

Buyenzi mara ya pili

Niliondoka alfajiri ya Ijumaa na Mama Furaha, jirani wa fundi, anayepeleka mchele hadi Bujumbura. Mama Furaha anaongea kwa ajili ya watu wawili, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Hadi Uvira nilikuwa nimejua magonjwa ya mama mkwe wake yote. Mpakani alinipa mandazi manne makubwa, mekundu kwa mafuta ya mawese, kutoka kwenye sufuria yake.

"Kula, mama. Mutu ya njaa hashinde maneno."

Niliyala yote. Na kwa vile nilikuwa na hofu, kila nikimaliza moja nilifunua gazeti kuhakikisha kamshafti bado ni kavu. Mnaona tunakokwenda. Mimi sikuona.

Nilifika Buyenzi mchana, duka limefungwa. Mtaa wote umefungwa. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa na hakuna kati yetu aliyekumbuka. Niliketi kwenye ngazi nikirudia maneno yangu: shikamoo, tunaomba kubadilisha, bado ni kavu. Nilirudia hadi yakawa hayana maana. Bwana Rama alikuja na kanzu nyeupe, nyuma yake wateja watano, wote wanaume, wote wana haraka.

"Binti wa mwenye sikio!" akasema. "Imekuwaje?"

"Shikamoo. Kavu," nikasema. Ndiyo yaliyobaki kichwani.

Akaelewa. Akafunua gazeti, akakata kipande cha karatasi nyeupe ya daftari, akaipangusa kamshafti kuanzia nundu hadi nundu. Akainua karatasi kwenye mwanga. Ilikuwa na doa, la rangi ya machungwa.

"Binti, hii ni mafuta."

"Hapana."

"Mafuta ya gia," akasema mteja mmoja. "Tena ya zamani."

"Ni ya breki," akasema mwingine. "Yanakuwaga mekundu."

"Walishaifunga, ikawashinda, wameitoa," akasema wa tatu.

Masikio yangu yaliwaka. Niliona mlima wa Lemera, nikaona rais wa kwaya, nikaona Baba ameketi na moteri iliyofunguliwa, ananingoja. Maneno yote yalikuwepo, yamesimama mstari nyuma ya meno. Nikanyoosha mikono yangu yote miwili mbele ya Bwana Rama, kama mtoto anayeonyesha kucha shuleni.

"Naomba unuse," nikasema.

"Ninuse nini?"

"Karatasi. Kisha mikono."

Akanusa karatasi. Akakunja uso. Akanusa mkono wangu kwa mbali, kwa heshima. Akampa karatasi mteja wa gia, naye akanusa, akampa wa breki. Kulikuwa na mzee mmoja mwembamba aliyekuwa kimya muda wote. Huyo alichukua karatasi akailamba.

"Mawese," akasema. "Na sukari kidogo." Akafikiri. "Na iliki."

"Mandazi?" akauliza Bwana Rama.

"Manne," nikasema.

Duka lilipasuka kwa kicheko. Yule wa breki aliegemea ukuta. Na ajabu ni kwamba nami nilicheka, mbele ya wanaume sita nisiowajua, na nilipomaliza kucheka niliweza kuongea. Niliwaeleza njia ya Lemera ilivyo, bafle mbili, ampli, jenereta, Baba, mimi, na ule mstari uliolala chini. Bwana Rama alikuwa anatikisa kichwa polepole.

"Nilitaka kumuuliza baba yako anapita wapi," akasema. "Hakuniuliza nguvu. Aliniuliza sauti." Akageukia wenzake. "Sharti langu ni mafuta ya moteri. Mandazi sikuyataja. Kosa ni langu."

Akanipa ile ya pili, ya mwendo mrefu, bei ikiwa sawa, akaifunga kwa gazeti mara tatu na kamba juu. Yule mzee mwembamba aliniuliza mandazi yanauzwa wapi.

Mlima

Nililala nyumbani Uvira, Jumamosi mapema nikawa Mutarule. Baba alikuwa amesimama barabarani. Alipokea gazeti akalipima kwa mkono. Safari hii fundi Bahati aliponyoosha kidole chenye mafuta, alinitazama kwanza.

"Nipake, mama?"

"Paka," nikasema.

Kuifunga, kupima nafasi za supapu, kuzungusha kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha, vilikula siku yote. Ilipowaka, sauti yake haikuwa kitu. Ilitulia tu, kama mama anayetwanga muhogo bila haraka. Baba aliisikiliza kidogo, akavuta pumzi ya mtu aliyeachana na mchumba mzuri.

Jumapili tulianza kupanda jua likichomoza. Lori la kwaya lilikuwa limepanda siku iliyotangulia, kwa hiyo tulikuwa peke yetu. Barabara ikaanza kujikunja na mawe yakaanza. Nilikuwa nimejibana kati ya bafle, naona uwanda wote chini, mto Ruzizi na mbali kabisa ziwa. Mara Baba akaacha kuimba. Nilipatambua: ni kona ile, yenye udongo mwekundu, ambako tulilala na vyombo mwaka ule.

Moto ilipunguza mwendo. Ikapunguza tena. Ikafika pale ambapo kwa kamshafti ya zamani ilikata roho, na Baba akashusha mguu mmoja karibu na ardhi, tayari kusimama. Haikukohoa. Ilizunguka polepole, nzito, ikavuta. Wakulima wawili waliokuwa wanapanda kwa miguu walikuwa wanaenda karibu mwendo wetu, mmoja akatusalimia, tukasalimiana kwa urefu, habari za nyumbani, za watoto, hadi tukawaacha nyuma. Baba akarudisha mguu.

Tulifika Lemera kengele ya pili inalia. Rais wa kwaya alikuwa mlangoni. Alihesabu kwa macho: bafle moja, bafle mbili, ampli, jenereta. Akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili.

"Naona umenunua moteri mupya."

"Hapana," Baba akasema. "Ni chuma kama gunzi la muhindi. Mutoto alichagua."

Watu wote walinigeukia. Nilijificha nyuma ya bafle la kushoto na nikakaa huko misa nzima. Nawaambieni ukweli, huko besi ya Baba inasikika hadi kwenye mbavu.

Jumatatu tulishuka. Sange, tuliposimama kunywa chai, mwenye teksi mmoja alikuja kuikagua moto yetu. Alikuwa ametusikia tukipita na alitaka kujua tumeifanya nini, kwa sababu yake inamchosha. Anataka kubadilisha kamshafti, achukue ipi, ile yenye sauti kubwa? Alimuuliza Baba, kama ilivyo kawaida. Baba alikuwa na mdomo umejaa mkate. Akanielekezea kidole.

Kijana akanitazama, anangoja. Nilitazama viatu vyangu. Halafu nikatazama moto yake, kamba zilizofungwa nyuma, magunia.

"Unabebaga nini?" nikamuuliza. "Na unapandaga wapi?"

Akazima moteri ili anisikie vizuri.